Uteuzi wa Tandiko la Reli ya Mfano: Mbao, Unyevu na Majina ya Vitu

Utangulizi

Makala haya yanashughulikia jambo ambalo huenda msomaji wa jarida hili hakulitarajia, yaani namna ya kuchagua ubao unaofaa kulazwa chini ya reli ya mfano. Kwa reli ya mfano tunamaanisha reli, stesheni, vichwa vya treni na mabehewa yanayotengenezwa kwa umbo dogo lakini kwa vipimo vinavyolingana na vya reli halisi, kisha treni hizo zikaendeshwa kwa umeme mdogo juu ya meza au katika chumba kizima. Shughuli hii ina mashabiki wengi katika Uingereza, Ujerumani na Marekani. Mjini Hamburg, kwa mfano, yako maonyesho yaitwayo Miniatur Wunderland, yaliyofunguliwa mwaka 2001, ambayo huwavutia wageni kutoka pembe nyingi za dunia. Hapa kwetu mashabiki wake ni wa kuhesabika, na kwa kadiri nilivyosoma, maelezo ya kazi hii kwa Kiswahili ni haba mno.

Naomba radhi kwa kuanza na kisa cha jamaa, lakini bila kisa hicho makala haya yasingekuwapo. Mjomba wangu alitumikia reli kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya utumishi huo aliipitisha katika stesheni ya Voi, pale ambapo tawi la kwenda Taveta, lililojengwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, linaachana na njia kuu ya Mombasa na Nairobi. Alipostaafu alianza kuijenga stesheni ile upya katika chumba kimoja cha nyumba yake huko Changamwe. Treni ya abiria ya usiku aliyoipungia taa maisha yake yote ilikoma mwaka 2017, mwaka ambao reli mpya ilizinduliwa tarehe 31 Mei, na yeye alitaka wajukuu zake waione Voi ile kama alivyoijua. Alimwendea seremala, akamwuzia chipbodi iliyokuwa laini kama kioo. Kwa miaka miwili alijenga: jukwaa la abiria, tangi la maji, miti ya mbuyu iliyotengenezwa kwa waya na karatasi. Mvua za masika zilipofika, maji hayakuingia chumbani hata tone. Ni hewa tu iliyoingia. Baada ya wiki chache kingo za chipbodi zilikuwa zimefura, skrubu zimelegea, na reli zimeinuka kama mgongo wa punda. Alinipigia simu akasema, "Mjomba, Voi imevimba."

Alikuwa na vitabu na majarida ya Kiingereza yanayohusu kazi hii, akaniomba nimsomee na kumfafanulia. "Kiingereza cha reli nakijua," alisema, "hiki cha mbao sikijui." Hivyo ndivyo mwanafunzi wa fasihi alivyojikuta akisoma habari za gundi na unyevu. Nayaandika haya kwa sababu mbili. Kwanza, elimu yenyewe inafaa, hata kwa anayetaka tu kutengeneza ramani ya kukwezwa au mandhari ya maonyesho ya shule. Pili, kazi ya kumfafanulia mjomba ilinifunza jambo kuhusu istilahi ambalo sikulipata darasani.

Tabaka na majina yake

Anayetazama reli ya mfano kwa mara ya kwanza huona reli na nyumba. Chini yake mna tabaka tatu au nne, kila moja na kazi yake, na makosa mengi hutokana na kuzichanganya. Tabaka la chini kabisa ni fremu ya mbao yenye miguu, inayobeba kila kitu. Juu yake hulazwa ubao mpana au vipande vya ubao vinavyofuata njia ya treni. Juu ya ubao huo huwekwa kamba nene au ukanda wa kitu laini, chenye kingo zilizokatwa mshazari, kinachoiga lile tuta la udongo na kokoto ambalo reli halisi hulalia. Mwishowe huja mataruma na reli zenyewe.

Nilipojaribu mara ya kwanza kuyatafsiri majina ya Kiingereza ya tabaka hizi, nilifuata neno kwa neno, nikapata "kitanda cha barabara" na "kitanda cha chini ya kitanda cha barabara". Mjomba alicheka hadi akatokwa na machozi, akauliza ni nani atakayelala huko. Nikarudi na "tabaka-msingi la pili". Hilo halikumchekesha, halikumwambia chochote. Hatimaye alinyamaza, akaishika fremu, akasema huu ni uchaga. Akaupiga ubao kofi, akasema hili ni tandiko. Ukanda akauita tuta, kama walivyouita kazini. Nami tangu siku hiyo nimeyatumia maneno hayo, na ndiyo nitakayoyatumia hapa. Uchaga, kwa wasioufahamu, ni jukwaa la miti la kuwekea nafaka au vyombo; muundo wake wa miti iliyokingamana, yenye nafasi wazi katikati, ndio hasa muundo wa fremu inayohitajika. Tandiko ni kile kinachotandazwa ili kingine kikae juu yake. Taruma nalo ni neno lililokwishasafiri: mafundi wa vyombo vya pwani wanalo katika jahazi, na reli ilipokuja likahamia chini ya chuma. Makala haya yanahusu hasa tandiko, ingawa haiwezekani kulizungumzia bila kuugusa uchaga.

Kwa nini milimita moja ni nyingi

Kipimo kinachopendwa zaidi duniani katika fani hii ni kile cha 1 kwa 87, kinachojulikana kwa herufi HO. Katika kipimo hicho, reli yetu mpya yenye upana wa milimita 1,435 huwa na upana wa milimita 16.5, na reli ya zamani, iliyokuwa na upana wa mita moja, hukaribia milimita 12. Kichwa cha treni cha mvuke cha daraja la 59, kilichoundwa na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester katikati ya miaka ya 1950, kilikuwa na urefu wa takriban mita 31.7. Kimojawapo, nambari 5918 kiitwacho Mount Gelai, kimehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli mjini Nairobi. Katika mfano, jitu hilo huwa na urefu wa sentimita 36 hivi.

Msomaji afanye hesabu hiyo hiyo kwa kinyume. Kibonyeo cha milimita moja katika tandiko ni sawa na kibonyeo cha sentimita 8.7 katika reli halisi, na hakuna mhandisi ambaye angeruhusu treni ya abiria ipite hapo kwa mwendo wa kawaida. Ule ukingo wa gurudumu unaolizuia lisiteleze nje ya reli, katika mfano mara nyingi hauzidi milimita moja. Gurudumu likiinuka kiasi hicho upande mmoja, treni imeanguka. Ndiyo maana suala la tandiko si suala la urembo. Miti ya mbuyu inaweza kusahihishwa baadaye, nyumba inaweza kupakwa rangi upya, lakini tandiko likiharibika hubomolewa kila kilicho juu yake.

Ikumbukwe pia kwamba uzito wa treni si hoja. Kichwa cha treni cha mfano kina uzito wa gramu mia kadhaa tu. Kinachovunja matandiko ni kiwiko cha mjenzi anayeinama kufikia upande wa pili, na mtoto anayeegemea ili aone vizuri.

Unyevu

Watu wengi hudhani kuwa joto ndilo linalopanua mbao. Ukweli ni kwamba joto huzibadilisha mbao kidogo sana. Kinachozibadilisha ni unyevu wa hewa. Mbao hunywa na kutoa mvuke mpaka zilingane na hewa inayozizunguka. Katika chumba ambacho unyevu wa hewa ni asilimia 65, mbao hutulia zikiwa na maji yapatayo asilimia 12 ya uzito wake mkavu. Unyevu wa hewa ukipanda hadi asilimia 80, jambo la kawaida katika pwani yetu, maji hayo hufika asilimia 16 hivi. Ukishuka hadi asilimia 30, kama ilivyo ndani ya nyumba za Ulaya zinazopashwa moto wakati wa baridi, hubaki kama asilimia 6. Kila badiliko huufanya ubao uvimbe au unywee, na hauvimbi sawasawa: kwa urefu wa nyuzi zake hauongezeki kwa kiasi cha kuonekana, ilhali kwa upana huongezeka mara nyingi zaidi.

Chuma hufuata kanuni nyingine. Reli za mfano hutengenezwa kwa aloi ya shaba, nikeli na zinki, nayo hupanuka kwa joto na haijali unyevu. Njia ya mita 4 ikipata ongezeko la joto la digrii 15, hurefuka kwa karibu milimita moja. Kwa hiyo mna vitu viwili vilivyofungamanishwa, kimoja kinasikiliza jua na kingine kinasikiliza mawingu, na kila kimoja huenda kwa wakati wake. Mjenzi huacha mianya midogo baina ya vipande vya reli ili chuma kipate pa kwendea. Kwa upande wa tandiko dawa ni kuchagua kitu kisichobadilika sana, na kukizibia hewa.

Yapasa kusema hapa kwamba majarida aliyokuwa nayo mjomba yaliandikwa kwa ajili ya watu wenye vyumba vya chini ya nyumba, vyenye moto wakati wa baridi. Ushauri wake mwingi ni sahihi, lakini tahadhari zake zimeelekezwa kwenye ukavu. Anayejenga Changamwe, Lamu au Kisumu lazima auchuje.

Mbao za kawaida, chipbodi na MDF

Mbao za kupasuliwa, kama zile za saiprasi zinazouzwa katika kila soko, zinafaa sana kwa uchaga. Kwa tandiko hazifai. Ukizipanga mbao pana sita bega kwa bega, zitavimba zote kwa upana, na mabadiliko ya zote sita yatajumlika. Baadhi zitajipinda kama kigae cha paa. Hapo sina zaidi ya kusema.

Chipbodi hutengenezwa kwa vipande vidogo vya mbao vilivyoshindiliwa pamoja kwa gundi. Ni rahisi kwa bei, na inapotoka dukani huwa imenyooka kweli. Seremala hakumdanganya mjomba kwa macho. Tatizo ni kwamba kila kipande kidogo kilishindiliwa kwa nguvu kiwandani, na kikipata unyevu hurudi katika unene wake wa asili. Ubao ukishafura kwa njia hiyo, hata ukikauka haurudi ulivyokuwa. Aidha, skrubu haishiki vyema katika kingo zake. Fanicha nyingi za bei nafuu katika mabweni yetu zinathibitisha maneno haya, hasa milango ya makabati iliyo karibu na bomba.

MDF ni ndugu yake aliyesomeshwa zaidi. Hutengenezwa kwa nyuzi laini za mbao badala ya vipande, hivyo uso wake ni sawa kabisa na hukatwa bila kumeguka. Wako wajenzi wa Uingereza wanaoitumia na kuridhika. Hata hivyo, ina kasoro tatu. Ni nzito: bamba moja la futi 8 kwa 4 lenye unene wa milimita 12 hukaribia kilo 26. Kingo zake hunywa maji kama mkate. Tena vumbi lake ni baya kwa mapafu, na gundi yake ina fomaldehaidi, hivyo anayeikata sharti afunge kinga ya pua na mdomo na afanye kazi mahali penye hewa. Mjomba ana pumu, kwa hiyo mjadala wa MDF ulikwisha pale pale.

Plaiwudi

Wengi wa wajenzi wenye uzoefu huishia kwenye plaiwudi, na sababu yake inastahili kuelezwa kwa kituo. Plaiwudi ni tabaka nyembamba za mbao zilizogandishwa, na kila tabaka limelazwa nyuzi zake zikikingama na za tabaka lililo chini yake. Tabaka moja linapotaka kuvimba kwa upana, jirani zake walio juu na chini, ambao nyuzi zao zimeelekea upande huo, huzuia. Idadi ya tabaka kwa kawaida huwa witiri: tatu, tano, saba. Sababu ni kwamba nusu ya juu na nusu ya chini lazima zilingane kama taswira katika kioo; zisipolingana, upande mmoja utaushinda mwingine na bamba litapinda. Kwa maneno mengine, ubao huu haujapoteza hamu ya kuvimba. Umegawanywa tu dhidi ya nafsi yake.

Unene unaopendekezwa mara nyingi kwa kipimo cha HO ni milimita 12, na tandiko hilo lishikiliwe na uchaga kila baada ya sentimita 40 hivi. Wenye milimita 9 wanaweza kufaulu wakipunguza nafasi hiyo. Milimita 18 ni nguvu isiyohitajika na mzigo wa bure. Bamba la milimita 12 huwa na kilo 20 hivi, kutegemea aina ya mti.

Kununua plaiwudi nako kuna adabu zake. Mnunuzi alisimamishe bamba, afumbe jicho moja na kuutazama ukingo kama anayelenga shabaha. Pindo lolote litaonekana. Kisha aziangalie tabaka zilizo kingoni. Zikiwa na mashimo, ndani mna mengine, na skrubu itakayoangukia shimoni haitashika kitu. Plaiwudi ya majini, inayotumiwa kwa mashua, hugandishwa kwa gundi isiyoyeyuka kwa maji na huwa na mashimo machache. Bei yake ni ya juu, lakini kwa mwenyeji wa pwani ni fedha iliyotumika vizuri. Bamba likifika nyumbani lilazwe kifudifudi katika chumba kile kile litakapotumika, kwa siku kadhaa, ili lizoee hewa yake kabla ya kukatwa. Kuliegemeza ukutani ni kulifundisha kupinda.

Kisha rangi. Hapa ndipo mjomba na mimi tulipotofautiana. Mimi nilisoma kwamba tandiko lipakwe rangi au vanishi pande zote mbili pamoja na kingo. Yeye aliona ni upotevu kupaka upande wa chini usioonekana na mtu. Hatukugombana, tulikata vipande vya mita moja moja tukaviweka barazani chini ya paa kwa muda wote wa masika iliyofuata. Kimoja kilikuwa chipbodi, kingine plaiwudi iliyopakwa upande mmoja, cha tatu plaiwudi iliyopakwa kote, cha nne softbodi tupu. Mvua zilipokwisha, mjomba alivuta uzi kutoka ncha hadi ncha ya kila kipande na kupima kwa rula. Chipbodi ilikuwa imenenepa kingoni kama tulivyotarajia. Softbodi ilikuwa na mawimbi. Plaiwudi iliyopakwa kote ilikuwa imenyooka, uzi ukiigusa mwanzo hadi mwisho. Ile iliyopakwa upande mmoja ilikuwa imejikunja kama upinde, milimita 6 katikati. Sababu ni dhahiri ukishaiona: upande usio na rangi ulikunywa mvuke, uliopakwa haukunywa, na ubao ukaelemea. Mjomba alikitazama kipande hicho kwa muda, akasema nusu ya rangi ni mbaya kuliko kutopaka kabisa. Sina hakika kama hilo ni kweli kwa kila hali, lakini alikwenda dukani kununua kopo la pili.

Softbodi na suala la sauti

Plaiwudi ina ila moja ambayo haionekani kwa macho. Ni ngoma. Bamba jembamba lililowambwa juu ya fremu hupokea mtikisiko wa treni na kuukuza, hivi kwamba treni ya sentimita 36 hutoa kelele ya mashine ya kusaga mahindi. Pia ni ngumu kuchomeka vipini au misumari midogo ya kushikilia reli kwa muda wakati wa kuzipanga. Kwa sababu hizo, wajenzi wa Marekani kwa miongo mingi wamelaza juu ya plaiwudi bamba liitwalo Homasote, linalotengenezwa New Jersey kwa karatasi kuukuu zilizosagwa na kushindiliwa. Waingereza wana lao, Sundeala, ambalo nalo hutokana na karatasi zilizotumika. Yote mawili ni laini kiasi cha kupokea kipini kwa kusukumwa na kidole gumba, na magumu kiasi cha kukishika.

Mabamba hayo hayakupatikana kwetu. Nilikuwa nimekata tamaa hadi mjomba alipotazama juu. Dari ya chumba chake, kama dari za nyumba nyingi za Kenya zilizojengwa zamani, ni ya softbodi. Nayo ni nyuzi za mbao zilizoshindiliwa bila ugumu mwingi. Ni laini kuliko Homasote, lakini inapokea kipini na inameza sauti. Tulijaribu kipande kilichobaki kutoka dukani: treni ikaacha kusaga mahindi.

Softbodi haiwezi kuwa tandiko peke yake. Jirani mmoja alijaribu kuilaza juu ya uchaga bila plaiwudi, na baada ya miezi michache ikalegea baina ya miti kama kitanda cha kamba. Hata Sundeala, iliyo imara zaidi, huhitaji kushikiliwa kila baada ya sentimita 30 isipobandikwa juu ya kitu kigumu. Aidha, jaribio letu la baraza lilionyesha vile softbodi tupu inavyofuata hali ya hewa. Njia inayofaa ni kuikata, kuipaka rangi kila upande, kuiacha ikauke kabisa, kisha kuibandika juu ya plaiwudi kwa gundi inayobaki na unyumbufu. Misumari isitumike. Msumari unaopita katika softbodi na kuingia katika plaiwudi huwa daraja la sauti, na kazi yote ya kuinyamazisha ngoma hupotea.

Wengine huiacha softbodi na kutumia ukanda wa koki, ule mti wa vizibo vya chupa, chini ya njia tu. Hilo nalo linafaa, na ukanda huo huuzwa ukiwa tayari umekatwa mshazari kwa umbo la tuta. Kwa stesheni kubwa yenye njia nyingi zinazokaribiana, bamba zima ni rahisi zaidi.

Povu gumu

Katika miaka ya karibuni wajenzi wengi wa Marekani wameihama plaiwudi na kujenga juu ya povu gumu la polistairini, lile la rangi ya waridi au samawati linalotumiwa kuzuia baridi kupita katika kuta. Faida zake ni za kweli. Bamba la futi 8 kwa 4 lenye unene wa sentimita 5 halifiki kilo 5. Haliujali unyevu. Mto au bonde huchongwa kwa kisu, kazi ambayo katika plaiwudi huhitaji msumeno na nusu siku. Mtu anayehamahama anaweza kuibeba reli yake kwapani.

Lakini povu halishiki skrubu wala msumari. Kila kitu hubandikwa. Tena gundi zenye viyeyusho vikali huliyeyusha likawa shimo, kwa hiyo mjenzi hujaribu gundi kwenye kipande cha ziada kwanza. Likikatwa kwa waya wa moto hutoa moshi usiofaa kuvutwa, na likishika moto huwaka kwa moshi mweusi wenye sumu. Kuhusu moto, wapenzi wa fani hii hawajasahau kwamba reli ya John Allen huko Monterey, California, iliyokuwa mashuhuri kuliko zote za wakati wake, iliteketea mwaka 1973 siku chache baada ya kifo chake. Mchwa nao, ingawa hawali povu, hulitoboa na kujenga humo.

Povu lililo rahisi kupatikana kwetu ni lile jeupe la chembechembe, kama linalojazwa katika makasha ya runinga. Hilo humeguka, na chembe zake huingia katika kila gurudumu. Kwa vilima vya nyuma, visivyopitiwa na reli, linatosha. Chini ya reli nisingelishauri.

Tandiko zima au lililokatwa

Limebaki swali moja ambalo vitabu hulizungumza kwa urefu. Je, uchaga ufunikwe wote kwa bamba moja, au ubao uwekwe chini ya njia tu na kwingine pabaki wazi? Jibu linategemea nchi inayoigwa. Bamba zima huifanya ardhi yote ianze juu ya reli. Huwezi kuchimba korongo katika meza. Ubao ukikatwa kwa kufuata njia na kuinuliwa kwa vigingi, bonde laweza kushuka chini ya treni, na daraja likapata maana. Linn Westcott, aliyekuwa mhariri wa jarida la Marekani la Model Railroader, aliutangaza uchaga wa miti yenye umbo la herufi L kwa ajili ya kazi kama hiyo, kwa kuwa skrubu zote hufungwa kutoka chini na mti wowote huweza kusogezwa hata baada ya reli kulazwa. Anayetaka kuiga mteremko wa Bonde la Ufa sharti afuate njia hiyo, akizingatia kwamba mwinuko wa sentimita 2 kwa kila mita moja tayari ni mkali kwa treni ndefu.

Voi ni tambarare. Mjomba alichagua bamba zima chini ya stesheni, na kulikata pale tu tawi la Taveta linapoanza kujitenga. Tandiko lake sasa ni plaiwudi ya majini ya milimita 12, imepakwa kote, na juu yake softbodi iliyopakwa kote, juu ya uchaga wa saiprasi wenye miti kila sentimita 40 na miguu iliyotiwa dawa ya mchwa. Aliusawazisha kwa pimamaji kwa siku mbili. Njia kuu imelazwa na treni inapita kimya. Tawi la Taveta bado ni mstari wa penseli tu. Anasubiri masika nyingine ipite auvute uzi tena, ndipo akate reli.